Barua ya Adabu kwa Mtani

Wenzangu mliobaki kazini, mliponiaga pale Lindi mlinitaka niwaandikie machache niliyojifunza katika miaka yangu ya udresa, kazi ya kuuguza vidonda. Nadhani mlitegemea niwaeleze kidonda ndugu. Kidonda ndugu kimo vitabuni, na wagonjwa wenyewe watawafundisha yaliyosahauliwa na vitabu. Habari za vyeo na mishahara waulizeni waliovipata. Mimi nitaandika juu ya barua ya ahsante, maana nimeziona zenu, na wallahi mnaziandika kama mtu anayefukuza nzi.

Mimi ni mtu wa Kilwa Kivinje. Baba yangu alikuwa mtu wa mjini pale pale, mama Mmatumbi wa milimani. Nilipomaliza shule ya serikali nikapelekwa hospitali ya Lindi kufundishwa kuosha vidonda, kufunga bendeji, kuchemsha vyombo na kuchanja ndui. Siku ya kwanza nilipewa beseni nishike. Daktari akapasua jipu la mtu mmoja wa Milola, nami nikaenda chini pamoja na beseni langu. Aliyeniinua ni yule mgonjwa mwenyewe, jipu lake liko wazi, ananiambia, "Pole, kijana, pole sana. Kazi ngumu hii."

Mwalimu wangu alikuwa Bwana Athumani, dresa mkuu, mwenyeji wa Sudi, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Hakunigombeza. Alingoja yule mgonjwa aruhusiwe, akanipa karatasi na kalamu.

"Mwandikie ahsante."

Nikaandika: nakushukuru kwa msaada wako. Bwana Athumani akaisoma, akaichana vipande vinne.

"Msaada gani? Leo tangu asubuhi nimesaidiwa na watu kumi, hata mbuzi amenisaidia kula maganda. Huyu amekufanyia nini wewe?"

Nikaandika upya: nakushukuru kwa kuniinua sakafuni hali wewe ndiye mgonjwa. Niliona haya kweli kweli kuyaandika hayo kwa mkono wangu. Barua ikaenda Milola, ikasomwa barazani mbele ya watu, na kwa miaka mingi kila mgonjwa wa Milola aliyefika hospitali aliuliza kwanza, "Yuko wapi yule aliyeanguka?" Lakini walikuja. Walileta watoto wao mapema, kabla kidonda hakijaoza, kwa sababu walikuwa na mtu wao wa kumcheka.

Hapo ndipo Bwana Athumani aliponieleza. "Mwanangu, daktari ana amri. Polisi ana rungu. Mimi na wewe tukienda shamba tuna ahsante tu. Ikiharibika hiyo, rudi nyumbani ukavue samaki."

Kanuni zake hazikuwa nyingi. Barua ya ahsante huandikwa siku ile ile, ukishanawa mikono na kabla hujala, kwa kuwa mtu aliyeshiba husahau. Salamu zisipunguzwe. Uulize hali ya nyumba, ya watoto, ya mvua. Taja kitendo chenyewe, usitaje "msaada". Usitie ombi ndani yake hata liwe dogo namna gani, maana ahsante yenye mkia ni ombi. Na kubwa kuliko yote: unayemwandikia pengine hajui kusoma. Barua itasomwa na mwingine, kwa sauti, majirani wamekaa wanasikiliza. Kwa hiyo unamwandikia yeye, lakini unawaandikia na majirani zake.

Kanuni hii ya mwisho niliijua kwa moyo kama ninavyoijua Alhamdu, na ndiyo iliyokuja kuniumbua.

Daktari wetu wa wakati ule, Mwingereza mmoja mpole, mwenyewe aliandika shukrani za mstari mmoja. Siku moja jumbe fulani, mkuu wa kijiji, alimwandikia kumshukuru kwa kumtoa mtoto wake jiwe sikioni, karatasi imejaa pande mbili. Daktari akaniita nimfasirie. Nikafasiri salamu, nikafasiri mvua, nikafasiri habari za mashemeji, akanikatiza.

"Anataka nini?"

"Hataki kitu, Bwana. Anashukuru."

"Yote hii?"

"Bado tuko kwenye salamu, Bwana."

Akacheka, lakini aliiweka mezani kwake, na siku alipohamishwa nilimwona akiikunja kuitia sandukuni. Hata Wazungu ahsante huwafika moyoni.

Basi nikahamishiwa kwetu Kivinje, niwe dresa wa safari. Kazi yangu ilikuwa kupanda milimani na sanduku la dawa kuchanja watu ndui kijiji kwa kijiji. Dawa ya kuchanjia ilikuja kwa meli katika vijibomba vya kioo vyembamba kama bua la mtama, na adui yake ni joto. Nilivifunga katika kitambaa kibichi, nikavitia ndani ya mtungi mdogo, na mtungi nikaubeba mwenyewe, simpi mtu. Hata hivyo zikipita siku chache tangu kutoka Kivinje, dawa imekufa. Unaweza kumchanja mtu nayo, ukamwachia kovu la bure.

Kijiji cha kwanza nilichopangiwa kilikuwa juu ya kilima, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Watu wake ni wakulima, Waislamu na Wakatoliki wamechanganyika, nyumba hii inafunga Ramadhani, nyumba ile inafunga Kwaresima, na mtama ni ule ule. Jumbe alinipokea vizuri, akapiga ngoma ya mwito, hakuja mtu. Walikuwa wamesikia kuwa serikali inawatia watu alama mkononi ili iwajue. Nikakaa na mtungi wangu chini ya ukumbi wa jumbe, natazamana na kuku.

Ndipo akaja mwanamke wa makamo, mweusi tititi, mrefu, ana jembe begani. Ni Mama Skolastika, mkunga. Karibu watoto wote wa kilima kile walipokewa na mikono yake. Akaniuliza mama yangu ni wa ukoo gani. Nilipomtajia, akatupa jembe chini, akapiga kofi la mshangao, akawageukia watu wa nyumba ya jumbe.

"Loo! Huyu ni mtani wangu! Na mnamheshimu? Mla papa wee, samaki wamewaishia pwani hata mkaja kuchuna watu ngozi?"

Ukoo wa mama yangu na ukoo wake ni watani tangu mababu. Nikamjibu inavyopasa: "Nimetumwa kuchanja watu, mla panya we. Nikiwakosa watu, nitachanja hata ninyi."

Akanivua kofia kichwani, akaivaa yeye, akaondoka. Akapita nyumba kwa nyumba na kofia yangu ya kazi, anaita, "Njooni mwone mtani wangu anavyoogopa panya! Njooni na watoto!" Watu wakatoka kwa kicheko, na kicheko kikawaleta mpaka kwenye kiti changu. Akatanguliza mkono wake mwenyewe. "Nianze mimi. Nikifa, msimzike huyu karibu nami." Kwa siku tatu nikachanja kilima kizima, wazee kwa vichanga. Kofia hakunirudishia, na si desturi kuidai.

Niliteremka Kivinje nikiwa na furaha ya ajabu. Siku ile ile niliyofika, nikanawa mikono, na kabla sijala nikachukua karatasi nzuri ya serikali, ile yenye nembo juu. Nilikuwa kijana, nasifiwa mwandiko, na nilimpenda yule mama kama mama yangu mdogo. Nikasema, huyu nitamwandikia barua ambayo hajapata kuandikiwa.

Nikaandika: Kwa Bibi mheshimiwa Mama Skolastika. Salamu nyingi na heshima zisizo kiasi. Nikamtajia siku tatu, nyumba zote alizopita, mkono wake alioutanguliza. Nikamshukuru kwa niaba ya Bwana Daktari na serikali. Kisha, ili nikamilishe adabu, nikaongeza: na naomba radhi kwa maneno yote ya utovu wa heshima niliyokutamkia.

Mtanicheka, na mna haki. Utani niliujua, nimeunyonya. Lakini nilidhani utani ni wa mdomo, karatasi ni ya adabu. Shule ilinifundisha hivyo, na Bwana Athumani, Mungu amrehemu, hakuwa na mtani kule milimani wa kumwandikia.

Barua ilisomwa Jumapili, nje ya kanisa, na mwalimu wa dini aitwaye Mwalimu Benedikti, mbele ya Wakatoliki waliotoka kusali na Waislamu waliokuja kusikia barua. Baadaye sana Mwalimu aliniambia ilivyokuwa. Watu walitazamana tangu neno la kwanza. Alipofika pale pa kuomba radhi, Mama Skolastika aliinuka, akajifunga kanga yake vizuri.

"Basi," akasema. "Amenifanya mgeni."

Akaenda zake nyumbani.

Mimi sina habari. Mwezi haujaisha, jumbe akaleta ujumbe kuwa ndui imeingia kijiji cha pili, ng'ambo ya bonde, ambako sikupata kufika. Watoto wawili walikuwa wameshalala nayo. Nikachukua mtungi, nikapanda mbio. Mpango wangu ulikuwa mmoja: nimchukue Mama Skolastika tuvuke bonde pamoja, kwa kuwa watoto wa kule nao aliwapokea yeye, na bila yeye hakuna ambaye angenifungulia mlango.

Alinipokea mlangoni. "Karibu, Bwana Dresa. Kaa kitini, Bwana Dresa." Akaniletea maji kwa mikono miwili, amepiga goti. Na mimi mpumbavu, kwanza nikafurahi! Nikasema moyoni, barua yangu imefanya kazi.

"Mama, tuvuke leo. Dawa haingoji."

"Tutawaambia watu, Bwana Dresa. Wao ni watu wazima, wataamua."

Nikavuka peke yangu. Milango imefungwa. Nikagonga, nikabembeleza, nikatisha, nikapaza sauti. Mama mmoja alinijibu kutoka ndani, "Skolastika amesema nini?" Hakusema kitu, na wote walijua hakusema. Nikarudi kwake mara tatu, na mara tatu nikapewa kiti na "Bwana Dresa". Siku ya tano tangu nifike nilifungua mtungi, nikahesabu siku, nikajua dawa imekufa. Nilikaa njiani nikalia kwa hasira. Nilidhani ni ujinga wa watu wa shamba, Mungu anisamehe.

Nikateremka Kivinje kuchukua dawa nyingine, nikangoja meli yake wiki mbili. Mama yangu alinisikia naoga huku nanung'unika, akataka kujua. Nikamweleza yote, hata barua nikamsomea kwa kichwa. Mwanzoni alicheka hadi akashika ukuta. Nilipofika kwenye radhi akaacha kucheka.

"Umemwomba radhi mtani? Mbele ya watu?"

"Nilikuwa namheshimu, mama."

"Baba, mtani haheshimiwi! Mtani hupewa heshima akishakasirikiwa. Umemwambia mbele ya kijiji kizima kuwa maneno yenu yalikuwa matusi kweli, na kwamba wewe sasa ni wa serikali, si wa kwao. Ungemtumia sanda ingekuwa nafuu."

Sijapata kuona haya kama siku ile. Nikataka kupanda nikamwangukie miguuni. Mama akanikataza.

"Ukimwangukia utaongeza adabu juu ya adabu. Ulimwaibisha kwa karatasi, mponye kwa karatasi. Karatasi ile ile ya serikali, asome yule yule, pale pale."

Akakaa nami jikoni, ananipa maneno. Sikuwahi kujua kama mama yangu anajua matusi mengi kiasi kile.

Nilifika kilimani Jumapili, watu wanatoka kanisani. Nikampa Mwalimu Benedikti barua. Akaipitia kwa macho, akatokwa na jasho.

"Bwana Dresa, haya siwezi kuyasoma mbele ya nyumba ya Mungu."

"Basi songa hatua kumi, Mwalimu, lakini soma. Kuna watoto wanakufa ng'ambo."

Akasonga hatua kumi. Akasoma:

"Kwa Skolastika, mla panya, mwizi wa kofia za serikali. Sikusalimu. Juzi nilikuandikia kwa adabu kwa sababu nilikuwa na homa, sasa nimepona. Nasikia umenuna. Kununa gani tena, na sura hiyo Mungu alikwisha kuinunisha? Ulitembea siku tatu unaita watu, wakaja wote, hata kipofu akaja. Nami najua walikimbia harufu yako, wakajikuta kwangu. Ulitoa mkono wako wa kwanza nikauchanja, ngozi ngumu kama ya kiboko, ukanivunjia sindano. Kama si wewe ningerudi pwani na mtungi wangu umejaa. Mwanamke mbaya we, nani aliyekutuma uniokoe? Vuka bonde leo, la sivyo nitakuja kukuchanja usoni, pengine utapendeza."

Hapo niliivunja kanuni ya Bwana Athumani, nikatia ombi ndani ya ahsante. Siku ile sikuwa na mlango mwingine.

Mtu hakucheka. Wote walimtazama yeye. Mama Skolastika alifunika mdomo kwa mkono, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, na machozi yanamtoka pia. Akainuka, akaja mpaka usoni kwangu.

"Homa hiyo ungekufa nayo, mla papa! Umekaa pwani unanuka chumvi, unakuja kuninukia mimi? Beba mtungi wako twende. Na ninyi mnatazama nini? Twendeni!"

Tukavuka bonde, watu wanatufuata, yeye mbele, amekwisha kuvaa ile kofia yangu, ananitukana njia nzima. Sijapata kutukanwa kutamu vile.

Nyumba ya tatu kijijini tulikuta watu wamekaa mikekani nje. Mtoto wao wa kike, Hadija, amefariki alfajiri. Si katika wale wawili wa kwanza. Huyu alikuwa mzima siku ile nilipogonga mlango wao wakauliza Skolastika amesema nini.

Tulizika adhuhuri. Watani ndio wachangamshao matanga, wangojwao waseme neno watu wapumue. Watu walitutazama mimi na yeye. Sikuweza, naye hakuweza. Alisimama kando yangu, kichwa kimeinama.

"Nilimpokea mimi," akasema polepole. "Alitanguliza miguu."

"Kosa ni langu, Mama."

"Nusu yake. Nusu ni ya kununa kwangu."

Hayo ndiyo maneno ya adabu tuliyosemezana kwa haki, na sikuyataka tena maishani. Tulipotoka kaburini akaivua kofia yangu kichwani kwake, akaikung'uta vumbi, akaivaa tena, akaenda kugonga mlango wa kwanza. Wakafungua. Wakafungua wote. Hadi jua linazama nilikuwa nimechanja kijiji kizima, na wale watoto wawili wa kwanza waliinuka, wana makovu lakini wana macho yao. Ndui ilikomea pale. Baada ya Hadija hatukuzika tena.

Tangu hapo nilipanda milima ile miaka mingi, hata ilipopigwa vita ya pili ya dunia na dawa zikawa shida. Kila safari niliandika barua zangu za ahsante siku ile ile, kwa majumbe, kwa walimu wa chuo cha Kurani na wa kanisani, kwa wapishi, kwa aliyenivusha mto. Kwanza niliuliza: huyu ni nani kwangu? Hiyo ndiyo kanuni ninayoongeza juu ya zile za Bwana Athumani. Kuna mtu wa kuandikiwa pande mbili, kuna wa mstari mmoja, na kuna ambaye ahsante yake ni kwenda kumlimia nusu siku na usiseme kitu. Barua za Mama Skolastika zilikuwa matusi matupu, na majibu yake yalimfanya Mwalimu Benedikti aungame mara nyingi kuliko waumini wake.

Nilipostaafu kazi, nilikaa wiki nzima nikiwaandikia ahsante wote niliowakumbuka. Bwana Athumani hakuwahi kuipata yake, nikaisoma kaburini kwake Sudi, salamu kwa salamu, na mvua nikamtajia. Ninyi pia nimewaandikia, kila mmoja na lake. Aliyenishikia taa ya karabai mwaka ule wa mafuriko anajua nimemwandikia nini.

Mama Skolastika sikumwandikia. Miguu yangu haipandi tena vizuri, na ninayotaka kumwambia, kila nikishika kalamu, yanakuja yenyewe kwa adabu, nami kwa kuogopa naitupa kalamu. Mwanamke yule aliniokolea kazi, akaniokolea watoto wa vilima viwili, akagawana nami dhambi ambayo angeweza kuniachia yote. Nampenda na namshukuru, na yeye ndiye mtu pekee nisiyeweza kumwambia.

Kwa hiyo nawatuma. Yeyote kati yenu atakayepangiwa milima ile, amwulize mkunga mzee, mrefu. Asimpe shukrani zangu. Amwambie: yule mla papa wa Kivinje amesema bado unanuka moshi, na anashangaa ardhi inakuvumilia vipi. Akikutukana, yaandike yote unitumie, usipunguze neno. Akikujibu kwa adabu, usingoje posta. Mtume mtu mbio, nitapanda hata kwa magoti.